Chenin blanc ya Loire au ya Afrika Kusini: chupa ipi uanze nayo ukitaka kujua kuonja

Wadau, watu wengi wakianza kupenda waini wanakimbilia nyekundu, na wakishapata hela kidogo wanataka Bordeaux ya bei mbaya. Mi nawaambia kila siku, kama unataka kujua kuonja na kuelezea unachokionja anza na nyeupe, na kwenye nyeupe anza na Chenin blanc, tena ikiwezekana nunua mbili, moja ya bonde la mto Loire kule Ufaransa na moja ya Afrika Kusini, uzifungue siku moja kwenye meza moja. Zabibu ni ileile, mdomo ni wako uleule, kinachotofautiana ni udongo, jua na mkono wa aliyeitengeneza. Hapo ndo unaanza kusikia vitu.

Shida ni kwamba mara nyingi hela inatosha chupa moja, afu dukani unakuta Chenin za Kusini zimejaa shelfu nzima na ya Loire imekaa peke yake juu kabisa ina vumbi. Sasa uchukue ipi? Jibu linategemea unatafuta nini, na mi nina upande wangu, ntausema.

Kwanza kwa nini Chenin. Hii zabibu ina uchachu mwingi wa asili hata ikiiva vizuri, na huo uchachu ndo unaibeba, unaifanya iweze kutengenezwa kavu kabisa, nusu tamu, tamu kama asali, hata yenye mapovu, na bado isikuchoshe. Zabibu zinazoweza yote hayo ni chache, Riesling ni nyingine. Halafu harufu yake haina makelele kama Sauvignon blanc ambayo ukiisogeza tu puani imeshajitangaza, Chenin imetulia, kwa hiyo sehemu ilipolimwa inapata nafasi ya kusikika. Hata kwetu Dodoma inalimwa, na kwa vile hakuna baridi ya kuulaza mzabibu wanavuna mara mbili kwa mwaka, ila joto lile linaiondolea zabibu asidi haraka, ndo maana kwa somo hili la kulinganisha naiweka pembeni kwanza, ukishazijua hizi mbili rudi uionje ya Dodoma utaielewa vizuri zaidi.

Haya, Loire. Ni kaskazini, kama nyuzi 47 hivi, baridi ipo, na kuna miaka barafu ya Aprili inaunguza machipukizi kama ilivyotokea sehemu kubwa ya Ufaransa 2021. Zabibu zinaiva polepole mpaka Oktoba, na wanaotafuta tamu wanaenda hata Novemba wakipita shambani mara kadhaa, kila wakipita wanachuma vichala vilivyofikia tu. Matokeo yake mwaka ndo unaamua waini iweje. Mwaka wa baridi wanatoa kavu na za mapovu nyingi, mwaka wa jua wanatoa tamu. Pale Vouvray, karibu na mji wa Tours, nyumba ya waini ya Huet iliyoanza 1928 ina mashamba matatu, Le Haut-Lieu, Le Mont na Clos du Bourg, na kila shamba linaweza kutoa kavu, nusu tamu na tamu kutegemea mwaka ulivyokwenda. Kwa hiyo ukisema tu "nimekunywa Vouvray" hujasema kitu bado, soma lebo: sec ni kavu, demi-sec ni nusu tamu, moelleux ni tamu. Hili wengi hawalijui, wananunua moelleux wakidhani ni kavu afu wanasema Vouvray ni ya watoto, jamani, wanaionea bure.

Udongo wa Vouvray ni juu ya jiwe la chokaa laini wanaloliita tuffeau, jiwe hilohilo ndo limejenga majumba ya wafalme ya bonde lile, na watengenezaji wamechimba mapango ndani yake wanahifadhia chupa, baridi ya pango haibadiliki mwaka mzima. Ukishuka na mto ukapita kidogo mji wa Angers unafika Savennières, pale jiwe ni shisti, yale mawe meusi yanayobanduka kama kurasa, na Chenin yake ni kavu, nzito, ngumu, inakukunjia sura. Shamba maarufu kabisa la pale ni Coulée de Serrant la familia ya Joly, kama hekta 7 hivi, watawa walipanda mizabibu pale tangu 1130 na mpaka leo panalimwa zabibu. Naiheshimu sana lakini kwa anayeanza siipendekezi, ukifungua na kumimina hapohapo haisemi chochote, watu wanaifungua jana yake, na bei yake sio ya majaribio.

Afrika Kusini ni hadithi nyingine kabisa. Chenin ilifika Rasi ya Tumaini Jema zamani sana, enzi za Waholanzi karne ya 17, na watu wakaisahau jina, wakaiita Steen, miaka na miaka wakidhani ni zabibu yao wenyewe, mpaka 1965 profesa Orffer wa chuo kikuu cha Stellenbosch alipolinganisha majani na kuthibitisha kwamba Steen ndo Chenin blanc ileile ya Loire. Leo ndo zabibu iliyopandwa kuliko zote nchini kwao na wanayo nyingi kuliko Ufaransa yenyewe. Lakini kwa muda mrefu ilikuwa ya kazi ngumu, inavunwa kwa wingi, inachemshwa brandi au inatengenezwa waini rahisi. Ile Lieberstein ya nusu tamu iliyotoka 1959, kufikia 1964 ilikuwa inauza lita milioni 31 kwa mwaka, na Chenin ilikuwa mojawapo ya zabibu zake. Bei ya zabibu ikiwa ya kutupa mkulima hana sababu ya kutunza mizabibu mizee inayozaa kidogo, anang'oa anapanda kingine.

Hapo kwenye mizabibu mizee ndo utamu wa Kusini ulipo, na ndo sababu ya kuandika haya yote. Kuna mama mmoja, Rosa Kruger, alizunguka nchi nzima kuitafuta na kuiorodhesha, na 2016 ukaanzishwa rasmi ule mradi wa Old Vine Project ambao shamba likifikisha miaka 35 linapewa muhuri, stika inabandikwa shingoni mwa chupa, na juu yake wanaandika mwaka mizabibu ilipopandwa. Fikiria hiyo, uko dukani umesimama, hujui lolote kuhusu mtengenezaji, lakini unasoma kabisa kwamba zabibu hii imetoka kwenye mti uliopandwa 1974 au 1982. Loire haina kitu kama hicho kwenye shingo ya chupa. Mtengenezaji Eben Sadie anatoa moja inaitwa Mev. Kirsten kutoka shamba la Stellenbosch lililopandwa 1905, hiyo kuipata ni kazi na bei yake ni ya wakubwa, ila zipo nyingi zenye muhuri uleule ambazo mtu wa kawaida akijipanga ananunua.

Swartland, kama mwendo wa saa moja kaskazini ya Cape Town, kuna jua kali na ukame, mizabibu imekaa kama vichaka bila waya na mingi haimwagiliwi, mizizi inajitafutia maji chini kwenye jiwe gumu la itale la mlima wa Paardeberg au shisti ya upande wa Riebeek. Ungedhani waini yake itakuwa nzito na moto, lakini Atlantiki ipo karibu na mkondo wa Benguela ni wa baridi, upepo unaingia jioni unapoza, asidi inabaki. Stellenbosch nayo ina mashamba mazuri ya Chenin, kule wengi wanapenda mapipa zaidi, utasikia harufu ya vanila na mkate uliochomwa.

Sasa tuonje.

Toa chupa kwenye friji, ziache kama dakika 20 mezani. Waini nyeupe nzuri ikiwa baridi kama soda hutasikia kitu, nyuzi 10 mpaka 12 panatosha. Glasi mbili zinazofanana, ziwe zimebana kidogo juu, mimina robo tu. Hakuna pafyumu, hakuna udi unafuka, hakuna mtu anakaanga vitunguu jikoni, hili nasisitiza maana nyumba zetu ndo zilivyo na harufu ya mdalasini ikiingia umeshapoteza. Anza na ya Loire kavu halafu ya Kusini, ukianza na ya Kusini ile ya Loire itaonekana kama maji ya ndimu kwa sababu mdomo umeshazoea tunda na unene.

Rangi usiipoteze muda mwingi. Zote changa ni njano hafifu, ya Kusini iliyokaa kwenye pipa inakuwa na dhahabu kidogo. Ukiona kahawia kwenye chupa ya miaka mitatu kuna tatizo.

Pua ndo penyewe. Nusa kabla hujatikisa, afu tikisa, nusa tena. Vouvray kavu changa inakuja na epo la kijani, peasi ambayo haijaiva, ganda la limau, maua makavu yale ya chai ya chamomile, na kitu kama jiwe la kizingiti mvua imelinyea sasa hivi. Ikikaa miaka inabadilika, inakuja asali, nta ya nyuki, na harufu ya sweta la sufu lililolowa, hiyo sufu watu wanaiogopa wakiisikia mara ya kwanza wanadhani waini imeharibika, hapana, ndo alama yake. Ya Swartland inakupa pera lililoiva, nanasi, tikiti, wakati mwingine stafeli kabisa, halafu nyuma yake nyasi kavu na majani ya dawadawa ya porini, na zile za mizabibu mizee hazirushi tunda lote kwa mpigo, linakuja taratibu.

Na hapa niseme, usikopi maneno ya wazungu. Wafaransa kila wakionja Chenin wanataja coing, tunda la kwao, kama hujawahi kulishika mkononi ukiliandika kwenye maelezo yako umeandika hewa. Andika pera, andika stafeli, andika embe bichi lenye chumvi, ganda la ndimu, ubuyu, kamba ya mkonge iliyolowa. Mwenzako akisoma na yeye akanusa akalikuta hilo pera, basi umeeleza vizuri.

Mdomoni nataka uangalie vitu vitatu tu mwanzoni. Uchachu: meza, inamisha kichwa, sikilizia mate yanavyojaa chini ya ulimi na yanadumu kwa muda gani. Loire itashinda hapa karibu kila mara, uchachu wake umenyooka, unaanza mbele unakwenda mpaka nyuma haupindi, na watengenezaji wengi kule wanauacha hivyohivyo hawaupitishi kwenye ule uchachushaji wa pili wa kulainisha. Unene: ya Kusini inajaza mdomo, ina mafutamafuta kwa sababu imelala juu ya mashapo yake ya hamira miezi kadhaa, na alkoholi mara nyingi iko juu kidogo. Urefu: hesabu kimoyomoyo baada ya kumeza, ladha inakaa mpaka ngapi, na inayobaki ni ipi, chumvi, uchungu wa ganda la limau, asali, au ni joto tu la pombe. Ikibaki joto tu, chupa hiyo sio nzuri hata lebo iwe ya dhahabu.

Utamu nao ni mtego. Sheria ya Ulaya inasema kavu ni mpaka gramu 4 za sukari kwa lita, inaweza kufika 9 kama asidi iko juu. Demi-sec unaweza kukuta gramu 20 na zaidi na mdomoni ukaona ina utamu wa mbali tu, wakati soda ya kawaida ina zaidi ya 100, na kinachoificha ni uchachu. Ukitaka kuhakikisha, iache glasi ipate joto, utamu unajitokeza.

Maelezo yangu ya Vouvray kavu huwa yanakuwa hivi: "Njano hafifu. Epo la kijani, ganda la limau, jiwe lililolowa, nta kwa mbali. Uchachu mkali ulionyooka, mwili mwembamba, mwisho mrefu una chumvi. Iachwe ikae miaka." Ya Swartland ya mizabibu mizee: "Njano yenye dhahabu. Pera bivu, nanasi, nyasi kavu, asali kidogo. Imejaa, ina mafuta, uchachu upo lakini umevaa nguo. Mwisho wa kati mpaka mrefu, uchungu mtamu wa ganda la chungwa. Inywewe sasa." Mistari minne inatosha. Hakuna haja ya kuandika insha ya maua kumi na mbili, hakuna mtu anayasikia yote hayo.

Kuhusu kutunza, kwa sisi wa Dar, Mombasa, Tanga na Zanzibar hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Loire karibu zote zina kizibo cha koki, zimesafiri kwenye kontena, zimekaa stoo, zikifika dukani umeme umekatika mara ngapi hujui. Angalia kizibo, kikiwa kimesukumwa juu au shingo ina mchirizi wa kunata usinunue, hiyo imepikwa na joto, ukiifungua utakuta epo lililochemshwa na harufu ya karanga za zamani. Harufu ya boksi lililolowa ni ugonjwa mwingine, hiyo ni koki, haihusiani na joto, na haiponi hata ukiisubiri. Za Kusini nyingi za bei ya kati zina kifuniko cha kuzungusha kwa hiyo ugonjwa wa koki ni kama haupo, na safari yao kuja kwetu ni fupi. Ila kifuniko hakizuii joto, duka likiwa halina ubaridi pita nenda jingine, na nyumbani kama huna friji ya waini weka chupa kwenye friji ya kawaida sehemu ya chini, kuliko kuiacha juu ya kabati la jiko.

Kwenye kukaa miaka, Loire haina mpinzani. Vouvray ya 1947 mpaka leo inatajwa kwa heshima, na demi-sec nzuri ikipewa miaka 20 inakuwa kitu kingine kabisa. Kusini nako kuna zinazokaa vizuri miaka kumi, naamini zitafika mbali zaidi, lakini nyingi raha yake ni miaka mitatu mpaka saba.

Chakula: pweza wa kuchoma na ndimu, chaza, samaki wa kukaanga mkavu, hapo Vouvray kavu. Kuku wa kupaka, samaki wa nazi, biriani ya kuku, hapo Kusini ya mizabibu mizee, ule unene unakaa sawa na tui, Vouvray kavu na tui zinagombana. Kikiwa na pilipili ya kweli, kamba wa pilipili au mchuzi unaokutoa jasho, sec haifai wala ya pipa haifai, chukua demi-sec, sukari ile kidogo inazima moto na uchachu unasafisha mdomo. Nikiulizwa waini moja tu ya chakula cha pwani ntajibu demi-sec ya Vouvray na sitabadilisha. Nyama choma achana na zote mbili.

Kwa hiyo, kama ni chupa yako ya kwanza nzuri na hela ni ya moja tu, chukua ya Kusini yenye stika ya mizabibu mizee shingoni, Swartland kwanza, Stellenbosch kama unapenda pipa. Inaonekana madukani, inaongea mara tu ukifungua, pera na nanasi unayajua tayari kwa hiyo kuelezea kunakuja kwenyewe, na kwa bei hiyohiyo unapata waini kubwa kuliko utakayopata Ufaransa. Kama umeshakunywa hizo na unajiona unajua Chenin, tafuta Vouvray, tena sio kavu, tafuta demi-sec, kwa sababu hapo ndo utajifunza kutofautisha tunda na sukari, na asidi na ukali, vitu ambavyo ya Kusini haikulazimishi kuvijua. Savennières iache mpaka umezoea.

Na wale wa tamu, najua mpo wengi na watu wanawacheka bila sababu, ninyi mna bahati pande zote. Loire ipo Quarts de Chaume, waliipa hadhi ya grand cru 2011, ya kwanza bonde lile, zabibu zinaingiwa na ukungu ule mzuri unaofyonza maji na kubakiza asali, tangawizi na ganda la chungwa. Kusini watengenezaji kina Mullineux wanatoa Straw Wine ya Chenin hiyohiyo, wanaanika vichala nje vinasinyaa ndo wanakamua, hiyo ni nzito, aprikoti kavu, yale matunda madogo ya manjano, na asali moja kwa moja. Mi ningeanza na Quarts de Chaume kwa sababu uchachu wake unakufanya utake glasi ya pili, ila hizi chupa za tamu zinakaa friji hata wiki mbili baada ya kufunguliwa, kwa hiyo mkiwa wawili kila mmoja anunue moja mgawane.